Mabara matatu yamechorwa, magofu hayana ramani: nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Habari za kazi. Nimeanza kuwaongozea marafiki zangu wanne mchezo wa njozi wa mezani, ule wa kuigiza wahusika kwa kete na simulizi. Kwa miezi miwili nimekuwa nikichora ramani ya dunia yetu: mabara matatu, falme kumi na moja, na bado sijamaliza. Siku tuliyocheza mara ya kwanza, wachezaji waliacha barabara wakaingia kwenye magofu niliyoyataja kwa kupita tu. Sikuwa na ramani yake, nikababaika mpaka mchezo ukapoa. Mkono wangu si wa mchoraji. Je, nitafute ramani zilizo tayari, nijifunze programu, au niendelee na penseli? Na ramani iwe kubwa kiasi gani?"

Habari ni njema, na asante kwa kueleza mambo yalivyokwenda bila kuficha. Yote matatu utayafanya: utatafuta, utatumia programu, utachora kwa penseli, kila kimoja kwa kazi yake. Kinachotangulia ni kujua ramani unayoitaka itajibu swali gani mezani. Wachezaji wako hawaulizi dunia yao ina falme ngapi. Wanauliza tupite mlango upi, yule mpiga mishale ananiona nikisimama hapa, tukiondoka leo tutafika lini. Ramani ambayo haitasaidia kujibu swali la namna hiyo kwenye kikao chenu kijacho inaweza kungoja. Mabara yako nitayarudia. Kwanza magofu, maana wachezaji wako bado wamo humo.

Chukua karatasi ya miraba, hata ile ya grafu ya shuleni. Mchezo huu umekua juu ya karatasi hiyo tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Wakati ule mwongoza mchezo alikaa na ramani yake mahali isipoonekana, akaeleza kwa maneno, na mchezaji mmoja akawa na kazi ya kuchora alichokisikia. Kwa hiyo meza moja ilikuwa na ramani mbili, ya anayejua na ya wanaotafuta. Mpaka leo naona huo ndio mpangilio wenye uhai kuliko yote, na utaona nikiurudia.

Usianze na kuta. Chora viduara saba, kila kimoja ni chumba, kisha viunganishe kwa mistari. Vyumba saba vinahitaji viungo sita tu ili vyote vifikike. Ukiishia hapo umepata mti: kila tawi lina mwisho wake, na kurudi ni kwa njia ile ile uliyojia. Ongeza viungo viwili, tayari una mizunguko miwili, na magofu yote yanabadilika. Sasa wachezaji wanaweza kumzunguka mlinzi, kutoroka kwa nyuma, au kukuta kwamba adui waliyemwacha chumba cha pili amewatangulia chumba cha sita. Jaribio lake ni rahisi. Ziba mstari mmoja kwa kidole. Kama nusu ya magofu haifikiki tena, umechora kamba yenye vyumba. Aliyeonyesha ufundi huu mapema kuliko wengi ni mbunifu wa michezo Jennell Jaquays, ambaye kazi zake za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilijaa milango ya kuingilia zaidi ya mmoja, ngazi zinazoruka ghorofa, na njia zinazokutana upya mahali usipotarajia. Waongozaji bado wanazifungua na kujifunza kwake.

Nilijifunza tofauti hiyo mezani kwangu. Nilikuwa na kaburi la kifalme lenye vyumba tisa vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, na kila walipomaliza chumba wachezaji walisema neno moja, "tuendelee", kama watu waliopanga foleni. Wiki mbili baadaye nililiendesha kaburi hilo hilo kwa kundi jingine. Sikugusa chochote ila kuongeza mfereji wa maji uliounganisha chumba cha pili na cha nane, na ufa kwenye dari ulioruhusu kuingilia juu. Walibishana karibu robo saa pale mlangoni, wakagawanyika, na wawili kati yao wakatokea nyuma ya kiti cha mfalme wakati wenzao wanazungumza naye ana kwa ana. Chumba hakikuongezeka hata kimoja.

Viduara vikikuridhisha, vigeuze kuwa vyumba kwenye miraba. Eneo la miraba 30 kwa 30 linatosha magofu ya vikao viwili. Chora ukuta kwa mstari mnene, mlango kwa kistatili kidogo juu ya ukuta, ngazi kwa vistari vinavyozidi kuwa vifupi kadiri zinavyoshuka. Mlango wa siri umezoeleka kuandikwa herufi S, na kwa bahati njema herufi hiyo inatufaa sisi pia. Nje ya kuta jaza vistari vifupi vilivyolala pande mbalimbali ili jicho litenganishe mwamba na sakafu. Hapo mkono usio wa mchoraji haudhuru chochote, kwa kuwa vistari vilivyopinda hufanana na mawe. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi huliruka: andika ndani ya kila chumba maneno matatu au manne ya kile mchezaji atakachokiona, kukisikia au kukinusa kwanza. "Maji magotini, mwangwi." "Nguzo imeanguka, nyuki." Namba inayokupeleka kwenye ukurasa wa tisa wa daftari ndiyo inayokubabaisha. Maneno manne yaliyo chini ya kidole chako yanakuachia nafasi ya kuwatazama wachezaji usoni.

Sasa vipimo, kwa kuwa umeuliza ukubwa. Kwenye michezo mingi ya ukoo huu, mraba mmoja wa ramani ya pambano ni futi 5, yaani kama mita moja na nusu, na mezani mraba huo huchapwa kwa upana wa inchi moja, sentimita 2.54, ili kinyago kimoja, yaani kisanamu cha mhusika, kisimame ndani yake. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Ukitoa kingo ambazo printa haifiki, inabeba miraba 7 kwa 10, ambayo ni eneo la mita 10 na nusu kwa 15. Pambano la watu wanne na maadui watano linaenea humo vizuri. Ukumbi wa miraba 21 kwa 30 unataka karatasi tisa zilizogundishwa, kwa hiyo kabla ya kuchora kasri jiulize gundi na meza vitatosha.

Kuna kosa linaloletwa na uangalifu mwenyewe: kuchora majengo kwa vipimo vya majengo ya kweli. Korido yenye upana wa mita moja na nusu ni halisi kabisa, ila kwenye mchezo inamfanya mchezaji mmoja apigane na watatu wasimame nyuma yake wakitazama. Ipe korido miraba miwili, weka nguzo, meza iliyopinduliwa, tofauti ya kimo, kitu cha kujificha nyuma yake na kitu cha kusukuma. Chumba kitupu chenye sakafu nzuri huzaa pambano ambalo kila mtu anasimama alipo na kurusha kete mpaka mmoja aanguke.

Mnaocheza kwenye skrini mna hesabu nyingine. Kati ya programu za kuchezea mtandaoni, Roll20 huanza na pikseli 70 kwa kila mraba, Foundry huanza na 100. Ramani ya miraba 30 kwa 20 iliyotengenezwa kwa pikseli 100 ina picha ya pikseli 3000 kwa 2000. Ukitaka kuichapa ramani hiyo hiyo kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, unahitaji 9000 kwa 6000, na ndiyo sababu picha inayong'aa kwenye simu hutoka printa ikiwa na ukungu. Unapopakua ramani ya mtu, tafuta idadi ya miraba, mara nyingi huandikwa kwenye jina la faili, kisha gawa upana wa pikseli kwa idadi hiyo. Jibu likiwa namba kamili uko salama. Likiwa na sehemu, ikate au ipanue kidogo kwanza. Kosa la pikseli moja tu kwa mraba, ukifika mraba wa thelathini, limekuwa pikseli 30, karibu nusu ya mraba wa pikseli 70, na mhusika aliyesimama mlangoni anaonekana amekwama ukutani.

Turudi kwenye kutafuta. Siku wachezaji wanapoacha barabara, utakaloshukuru ni bahasha uliyoijaza kabla. Kusanya ramani kumi zisizo na jina: pango dogo, pango kubwa, mnara, nyumba ya wageni, hekalu, kivuko chenye daraja, meli, ngome iliyobomoka, mgodi, kaburi. Zichague kwa umbo, achana na mapambo. Kinachokusaidia ni kujua ina milango mingapi ya kuingilia, ina mzunguko, ina kimo zaidi ya kimoja. Hekalu ukiligeuza juu chini linakuwa gereza, na hakuna mchezaji atakayelitambua.

Pa kuanzia ni kwa Dyson Logos, mchoraji ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitoa ramani za wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, safi na rahisi kuchapa. Nyingi kati ya hizo ameziruhusu zitumike hata kwenye kazi za kuuzwa, lakini si zote, hivyo soma maelezo ya kila ramani. Kuna pia shindano la One Page Dungeon lililoanza mwaka 2009, ambalo kila mshiriki huweka mkasa mzima, yaani kisa cha kuchezwa, na ramani yake kwenye ukurasa mmoja. Zisome hata kama hutazitumia, upate kuona jinsi watu wanavyobana maelezo mengi mahali padogo.

Upande mwingine kuna vizalisho, programu zinazochora zenyewe ukibonyeza. Watabou ana kimoja cha mahandaki, yaani vyumba na njia za chini ya ardhi, ya ukurasa mmoja na kingine cha miji ya kale yenye kuta na lango. Donjon hukupa handaki pamoja na orodha ya vilivyomo. Azgaar hutoa dunia nzima yenye mito, mipaka na miji, bila malipo, ndani ya kivinjari. Ninavitumia na ninavipenda, kwa sharti moja: ramani iliyozalishwa isipite mikononi mwangu bila mabadiliko matatu. Nafuta chumba kimoja kisicho na kazi, naongeza kiungo kimoja cha kufunga mzunguko, na nabadilisha jina moja. Kizalisho hakijui adui yako ni nani wala anaogopa nini. Baada ya mabadiliko hayo matatu, ramani inaanza kujua. Picha zinazotolewa na akili mnemba nazo hupendeza kutazama, ila hesabu miraba yake na ufuate ngazi zake kwa kidole kabla ya kuziamini: mara nyingi mraba wa kushoto haulingani na wa kulia, na ngazi inaishia ukutani.

Hazina ambayo waongozaji wengi hawaifungui ni maktaba za ramani za kweli. Mkusanyo wa David Rumsey ulioko Chuo Kikuu cha Stanford, Maktaba ya Bunge la Marekani, na British Library, ambayo mwaka 2013 iliweka kwenye Flickr, tovuti ya picha, picha zaidi ya milioni moja kutoka kwenye vitabu vya karne ya 17 hadi ya 19, zote zinaweza kukupa miji yenye kuta, michoro ya ngome, mipango ya makanisa na nyumba za watawa. Jengo la kweli lina mantiki ambayo ni vigumu kuibuni: jiko liko karibu na kisima, mlinzi anakaa anapoona njia zote mbili, mfereji unatoka mahali watu wasipotaka kukaa. Pwani ya kweli nayo ni bora kuliko pwani itokayo kichwani. Chukua kisiwa kidogo, kizungushe robo mzunguko, kikuze mara hamsini, na una bara lenye ghuba na rasi ambazo mkono wako usingezifikiria.

Kuhusu haki za wachoraji, kwenye meza yenu ya watu watano ramani iliyotolewa bure kwa wachezaji itumieni kwa amani. Mambo hubadilika siku utakapochapisha mkasa wako au kuurusha mtandaoni kwa malipo. Leseni za Creative Commons zina herufi za kuangalia: BY inakutaka umtaje mwenye kazi, NC inakataza biashara, SA inakutaka utakachokitengeneza ukitoe kwa leseni ile ile. CC0 haidai kitu. Ramani ya mwaka 1600 haina tena hakimiliki, lakini taasisi iliyoipiga picha inaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo soma ukurasa husika. Andika mahali pamoja, tangu siku ya kwanza, jina la mchoraji na mahali ulipoipata kila ramani. Kuvitafuta baada ya miaka miwili ni adhabu.

Programu nitazipitia haraka, kwa kuwa nadhani unazihitaji kidogo kuliko unavyodhani. Dungeon Scrawl hufanya kazi ndani ya kivinjari, ina toleo la bure, na ndani ya nusu saa inakupa handaki safi kama la wino. Inkarnate ina toleo la bure na la kulipia, nzuri kwa ramani za nchi zenye rangi. Wonderdraft kwa ajili ya nchi na Dungeondraft kwa ajili ya mapambano hununuliwa mara moja, hazina ada ya kila mwezi. GIMP, Krita na Inkscape ni za bure, zina nguvu sana, na zinataka uvumilivu. Hatari ya programu hizi ni mapambo: zina mapipa ya aina arobaini, na saa tatu zinapita ukipanga mapipa katika chumba ambacho wachezaji wataruka dirishani bila kukiangalia. Ushauri wangu ni miezi sita ya kwanza ukae na penseli na ramani za bahasha. Utajua mwenyewe ni kitu gani penseli imeshindwa kukupa, na programu ya kuchagua itajulikana.

Ukishaingia huko, shika jambo la tabaka, yaani karatasi angavu ambazo programu huzipanga moja juu ya nyingine. Sakafu na kuta tabaka moja, samani lake, namba na maandishi lake, na siri zote, yaani mitego, milango iliyofichwa na maadui wanaovizia, ziwe na tabaka lao peke yake. Ukihifadhi, toa faili mbili, yako yenye kila kitu na ya wachezaji isiyo na siri wala namba. Nasisitiza namba kwa sababu mchezaji akiona 1, 2, 4 atatafuta 3 mpaka kieleweke. Na angalia jina la faili. Niliwahi kuwaonyesha wachezaji ramani ya kijiji tulivu, na juu ya skrini pameandikwa "kijiji-cha-wafu-usiku". Mkasa niliouandaa kwa wiki nzima ulikwisha kabla haujaanza.

Nje ya kuta, hamu ya miraba inaniishia na ninahamia pembesita. Katika mraba, hatua ya kona ni ndefu kuliko hatua ya ubavu. Katika pembesita jirani wote sita wako umbali sawa, na safari inahesabika kwa vidole. Hili nalo ni la tangu mwanzo: toleo la mwaka 1974 lilishauri wachezaji watumie ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa Avalon Hill wa mwaka 1972, kwa safari za nyikani, na ubao huo una pembesita.

Kwa ukubwa, chukua maili 6, karibu kilomita 10, kutoka ubavu hadi ubavu wa pili. Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu kinakaa vizuri na mwili wa mtu. Kwa sheria za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, mwendo wa kawaida ni maili 24 kwa siku, hivyo ni pembesita nne, na ukipunguza kwa msitu au milima unabaki na mbili. Tena, mtu aliyesimama uwanda mtupu anaona mpaka takriban kilomita 4.7 kabla ardhi haijapinda mbele yake, na kutoka katikati ya pembesita hiyo hadi ubavuni ni kilomita 4.8. Kwa hiyo wachezaji wakiwa katikati wanaona karibu pembesita nzima. Wakipanda kilima wanaona jirani zake. Huhitaji kanuni nyingine ya kuamua nani ameona nini.

Anza na pembesita ya kijiji na jirani zake sita, jumla saba. Ukiongeza duru nyingine utakuwa na kumi na tisa, na hizo zinaweza kubeba mchezo wa nusu mwaka. Kila pembesita ipe kitu kimoja kinachoonekana kwa mbali na kingine ambacho hakionekani mpaka utafute. Mnara uliokatika juu ya kilima, na chini ya kilima chemchemi ya moto. Kinachoonekana ndicho kinachowafanya waache barabara, na safari hii utakuwa tayari.

Maji yanataka umakini, kwa kuwa hata mchezaji asiyejua jiografia huhisi pakiwa na kosa. Mito hushuka na kukutana. Matawimto mengi huingia mto mmoja, na mto mmoja hufika baharini. Kugawanyika ni kwa deltani, karibu na mdomo, ambako ardhi ni tambarare na tope limejaa. Ziwa kwa kawaida lina njia moja ya kutokea maji, au halina kabisa na maji yake yana chumvi. Kuna mto wa kweli unaokiuka haya, Casiquiare wa Venezuela, ambao huchukua maji ya Orinoco na kuyapeleka Rio Negro, hata hatimaye Amazon. Upo, na ni maarufu kwa sababu ni nadra. Ukitaka mto wa namna hiyo katika dunia yako, ufanye kuwa ajabu ambayo wenyeji wanaijua na wana hadithi yake. Pepo nazo: milima inayopokea upepo wa baharini hulowa upande huo na kuacha ukame upande wa pili, basi msitu wako mnene na jangwa lako vinaweza kutenganishwa na safu moja tu. Miji hukaa panapowalazimu watu kusimama, kwenye kivuko, makutano ya mito, bandari yenye kina, mdomo wa bonde. Chora maji kwanza, na miji karibu itajichagulia mahali pake.

Mji wenyewe usiuchore nyumba kwa nyumba. Duara kwa kila mtaa, mstari kwa kila njia, na pembeni mwa kila mstari neno moja la nani anaishika: walinzi, wezi, mafuriko ya kila jioni. Mpangilio huu wa viduara ni ule ule ulioanza nao magofuni, na unafaa pia kwa msitu mnene, vinamasi, hata meli kubwa.

Ninalolipenda kuliko yote ni ramani iliyomo ndani ya hadithi, ile karatasi ambayo mhusika ameishika mkononi. Hiyo haina wajibu wa kuwa sahihi. Ina wajibu wa kuwa ya mtu fulani. Al-Idrisi alipomtengenezea Mfalme Roger wa Pili wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, aliweka kusini juu. Olaus Magnus, kwenye ramani yake ya nchi za kaskazini ya mwaka 1539, alijaza bahari mazimwi. Kila mmoja alionyesha kilichokuwa muhimu kwake na kwa aliyemlipa. Basi ramani ya mfanyabiashara wa dunia yako ipime umbali kwa siku za ngamia na iweke visima vyote, ila isitaje kijiji kisichonunua kitu. Ramani ya kuhani iweke hekalu katikati, na nchi ya maadui iwe nyembamba kando. Ikidanganya, uongo uwe na mwenyewe na sababu ambayo wachezaji wanaweza kuigundua. Uongo usio na sababu wataushika kama kosa lako, na hawataamini ramani nyingine yoyote utakayowapa.

Na wape karatasi yao. Pembesita tupu kumi na tisa, kijiji kimejazwa katikati, penseli juu yake. Kila wanapofika mahali wachore na kupaita watakavyo. Majina yao yatakuwa ya ovyo mwanzoni, usiyasahihishe. Baada ya vikao vitano hivi utawasikia wakisema "turudi kule Pua la Mzee" kwa sauti ya watu wanaozungumzia mahali walipolala.

Sasa mabara yako. Yaache yalivyo, usifute hata mstari. Chagua pembe moja, ile ambayo moyo wako uko zaidi, weka pembesita zako saba hapo, na majina ya falme za jirani yaandike kingoni tu yakiwa na mishale: huku ni kwa fulani, siku kumi na mbili kwa miguu. Falme nyingine zitasubiri wachezaji wazielekee.

Kabla ya kikao kijacho, fanya hivi. Waombe wachezaji wakukumbushe walichokiona magofuni, nawe ukichore kama walivyokisema, hata kama hukukusudia hivyo. Wakisema kulikuwa na ngazi mbili, ziwe mbili. Kisha chagua kutoka kwenye ramani za watu ile iliyo na umbo linaloweza kupokea vyumba hivyo, ishone na vyao kwa viungo viwili, na kimoja cha viungo hivyo kipite chini ya ile ngazi ambayo hukuwa na habari nayo.